Mstari Mmoja wa Tasnifu Yangu

Mwalimu aliyenifundisha hisabati nikiwa kidato cha pili, kule Kongwa, ndiye mtu pekee ninayemjua aliyeisoma tasnifu yangu ya udaktari yote, mwanzo hadi mwisho. Wasimamizi wangu waliisoma vipande vipande kadiri nilivyowapelekea. Watahini nadhani waliisoma kama ninavyosoma mimi za wengine siku hizi: utangulizi, hitimisho, na kurasa mbili tatu za katikati ili mtu apate cha kuuliza. Mume wangu alisoma ukurasa wa shukrani, akataka kujua kwa nini yeye ametajwa wa nne. Mwalimu aliisoma kwa miaka sita.

Nakala nilimpelekea mwenyewe, kijijini kwake Mlali, mwaka ule niliohitimu. Alikuwa ameshastaafu, analima alizeti na karanga na mkewe. Nilimwamkia shikamoo, badala ya kuitikia akanipa mkono na kusema, "Karibu, Dokta." Tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. Nilitaka kumwambia kwamba cheo kile hakinikai vizuri kikitoka kinywani mwake, lakini nilikuwa na furaha, nikaacha. Kitabu alikipokea kwa mikono miwili, akakiweka juu ya kabati, mahali ambapo wajukuu wasingekifikia. Nikajua hapo ndipo kitakapokaa.

Mwaka haukuisha, akanipigia simu. Hakuwa na salamu ndefu.

"Ukurasa wa arobaini na moja, mstari wa tatu. Umeruka hatua."

Nilifungua, nikatazama. Kweli nilikuwa nimeruka. Hatua yenyewe ilikuwa rahisi, nikamwandikia kwenye ujumbe, akajibu, "Sawa, twende." Basi ikawa hivyo kila baada ya wiki kadhaa. Mtu wa miaka sitini na kitu, amekaa kwenye kigoda nyuma ya nyumba yake, anasoma kitu ambacho hata mimi niliyekiandika nilikuwa nimeshaanza kukisahau.

Tasnifu ilihusu unasibu. Kuna maswali ambayo kompyuta huyajibu upesi zaidi ukiiruhusu irushe sarafu, yaani ichague njia kwa bahati badala ya kuzikagua zote moja moja. Sisi tunaofanya kazi hii tunajiuliza kama sarafu hiyo inahitajika kweli, au kama kuna namna ya kupata jibu lile lile, kwa haraka ile ile, bila kubahatisha. Hatujui. Mimi nilikuwa nimebuni njia ya kurefusha bahati: unarusha sarafu mara chache tu, kisha kutokana na matokeo hayo machache unatengeneza mengine mengi yanayofanana kabisa na bahati ya kweli. Kilikuwa kitu kidogo, lakini kilinipa shahada.

Mwalimu alikichukua kitu hicho kidogo akajenga nyumba juu yake.

"Dokta," aliniambia siku moja kwenye simu, na nilisikia anashusha sauti kama mtu anayeogopa kusikika hata na kuku wake. "Nadhani nimepata njia ya kuiondoa sarafu kabisa. Siyo kwenye maswali yote. Kwenye yale ya mitandao. Mabomba, nyaya, barabara."

Nilimwambia aandike.

Aliandika kurasa thelathini na nne, kwa kalamu ya wino wa bluu, nyuma ya karatasi za mitihani ya zamani alizokuwa amezihifadhi tangu anafundisha. Ukigeuza ukurasa unakuta majibu ya mtoto fulani wa kidato cha nne na alama nyekundu za mwalimu. Alimpa dereva wa basi la asubuhi bahasha, nami nikaipokea stendi. Wakati huo nilikuwa katibu wa kamati iliyoandaa kongamano la siku tatu, pale chuoni kwetu Dodoma, kuhusu hisabati ya ukokotoaji na unasibu. Nilikuwa natafuta watoa mada. Nilisoma kurasa tatu za kwanza za andiko lake, nikaona tasnifu yangu imetajwa mara saba, nikafurahi, nikampangia nafasi: siku ya tatu, saa nane mchana, chumba kidogo cha ghorofa ya pili, na mwenyekiti wa kikao nikawa mimi mwenyewe. Kurasa thelathini na moja zilizobaki niliziweka kwenye droo. Kila ninapojiuliza ni lini hasa nilimkosea mtu yule, huwa narudi kwenye droo ile.

Kongamano lilifanyika mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa umepamba moto na vumbi likipenya hata kwenye madirisha yaliyofungwa. Aliyetutengenezea bango la ukumbini aliandika "Kongamano la Bahati Nasibu", na mgeni rasmi, ambaye naamini alilisoma bango kuliko alivyosoma barua yetu, alitumia robo saa kuwaonya vijana juu ya kubashiri mechi. Tulipiga makofi. Wageni wa nje walitabasamu bila kuelewa.

Mwalimu alikuja siku zote tatu. Alifikia kwa binamu yake upande wa Msalato, na kila asubuhi nilimkuta ameshafika kabla ya wahudumu kupanga viti. Alivaa koti lile lile la kijivu, kitambulisho cha kongamano kikining'inia shingoni. Alikaa mstari wa pili, akaandika kila kitu. Wakati wa chai aliwafuata watu wazima wenye shahada zao, akawauliza maswali kwa Kiingereza cha polepole na kilichonyooka, na wao, niliona, walianza kwa kumvumilia na wakaishia kuweka vikombe chini ili wamchoree. Sijawahi kumwona na furaha kiasi kile.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, niliingia ofisini kuandaa maneno machache ya kumtambulisha. Ndipo nilipotoa bahasha kwenye droo.

Nilisoma kwa raha. Alikuwa anaandika kama alivyokuwa akifundisha, haachi mtu nyuma. Ukurasa wa kumi na tisa ukasema: hapa tunatumia hoja ya ukurasa wa themanini na tatu wa tasnifu. Nikaitoa tasnifu kwenye rafu nijikumbushe. Ukurasa wa themanini na tatu ulikuwa na hesabu ndefu inayothibitisha kwamba ukichukua matokeo yangu yaliyotengenezwa mawili mawili, moja halikuambii lolote kuhusu jingine. Hesabu hiyo ilikuwa sahihi. Chini yake kulikuwa na mstari mmoja: "Ni dhahiri kwamba hali ni hiyo hiyo kwa idadi yoyote."

Nilitazama mstari ule kwa muda. Kisha nikatoa sarafu mbili kwenye mkoba.

Mtu yeyote anaweza kujaribu. Rusha sarafu mbili. Zikilala sawa, zote kichwa au zote mnyama, andika "sawa". Zikitofautiana, andika "tofauti". Sasa una vitu vitatu: sarafu ya kwanza, sarafu ya pili, na neno uliloandika. Ukimwonyesha mwenzako kimoja tu, hawezi kukisia chochote kuhusu kingine. Lakini mwonyeshe viwili, cha tatu ameshakijua. Viwili viwili ni bahati, vitatu pamoja vimefungwa. Hili tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa pili. Njia yangu ya kurefusha bahati, ukiivua mapambo yake yote, ilikuwa inafanya jambo hili hili, na mimi niliandika "ni dhahiri", na watu wazima watano wakatia sahihi.

Andiko la mwalimu, kuanzia ukurasa wa kumi na tisa hadi wa thelathini na nne, lilisimama juu ya mstari huo.

Nilishuka kumtafuta. Ilikuwa saa ya chakula, na yeye alikuwa kwenye foleni na sahani ya pilau, anazungumza na profesa mmoja mgeni. Aliponiona uso wake ulifunguka.

"Huyu," alimwambia yule mgeni, "nilimfundisha mimi. Alikuwa anakaa dirishani. Ukimuuliza swali anatazama nje kwanza, halafu anakupa jibu."

"Mwalimu, naomba tuzungumze kidogo," nilisema. "Tukae pembeni."

"Baada ya mada, Dokta. Nimeipanga yote hapa kichwani, nikizungumza jambo jingine sasa itanimwagika."

"Ni muhimu."

"Hata hii ni muhimu," alisema, akacheka, akainua kipande cha nyama kutoka sahani yake aniwekee kwenye sahani ambayo sikuwa nimeishika, kisha akagundua na kucheka tena. Nikacheka pamoja naye. Ningeweza kumshika mkono. Ningeweza kusema, mwalimu, nimekosea, usipande jukwaani. Maneno hayo hayafiki hata kumi. Nilisema, "Haya, basi tukutane juu."

Tulikuwa watu kumi na moja chumbani, wawili kati yao wanafunzi waliokuja kusaini mahudhurio. Mwalimu aliomba atoe mada kwa Kiswahili, nikamruhusu. Hakuwa na picha za kuonyesha ukutani, alitumia ubao na kalamu mbili za wino, moja imekauka. Nilimtambulisha kwa sentensi nne. Kwa dakika ishirini alizungumza vizuri kuliko mtu yeyote aliyepanda siku zile tatu, na mimi nilikaa pembeni nikiwa mwenyekiti, nimeshika saa, nikiomba Mungu kwamba wote waliomo humo wawe wamelala.

Mmoja hakulala. Alikuwa mhadhiri kijana, binti kutoka chuo cha kanda ya ziwa, amekaa nyuma. Muda wa maswali ulipofika alinyoosha mkono, akasimama.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba."

"Samahani, labda ni mimi sijaelewa. Pale katikati umesema yale matokeo hayategemeani, hata ukichukua mengi kwa pamoja. Mimi naona wazi kwa mawili. Kwa matatu sijaona. Tunalijuaje?"

Mwalimu aliitikia kwa kichwa, kama alivyokuwa akifanya darasani mtoto akiuliza swali zuri.

"Hilo si langu, binti yangu," alisema. "Hilo ni la mwenyekiti wa kikao. Lipo kwenye tasnifu yake. Yeye atakueleza vizuri kuliko mimi."

Akageuka kunitazama. Wote wakageuka.

Nimeirudia dakika ile mara nyingi kiasi kwamba sina hakika tena nakumbuka nini na naongeza nini. Nakumbuka kalamu niliyokuwa nimeishika. Nakumbuka mkuu wa idara yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, na kwamba maombi yangu ya kupandishwa cheo yalikuwa mezani kwake. Nilisikia sauti yangu ikisema, "Ni swali zuri. Linahitaji muda, na muda wetu kwa bahati mbaya umekwisha. Tutalitazama nje ya kikao."

Muda ulikuwa haujakwisha. Zilibaki dakika saba, na saa ya ukutani ilikuwa juu ya kichwa changu, kila mtu anaiona.

Mwalimu hakuondoa macho. Alikuwa amesimamia mitihani miaka thelathini na mbili. Alijua mtoto anakaaje akiwa na karatasi chini ya daftari. Kisha akawageukia watu.

"Basi itakuwa kosa langu," alisema. "Nitakuwa nimeisoma vibaya tasnifu ya Dokta. Umri nao. Nawaomba radhi kwa kuwapotezea mchana wenu."

Akachukua kifutio, akafuta ubao mwenyewe, kuanzia juu kushoto, mstari kwa mstari, mpaka ukawa mweupe. Walimpigia makofi. Na mimi nilipiga.

Kwenye korido yule binti alinisubiri. "Dokta, naomba unisamehe, sikukusudia kumwaibisha mzee."

"Ulikuwa sahihi," nilimwambia. "Kosa ni langu, lipo kwenye tasnifu."

Alinitazama, akafungua mdomo kama anayetaka kuuliza kitu, kisha akasema tu, "Ahsante." Korido ilikuwa tupu. Hapo nilikuwa na ujasiri.

Nilimpeleka mwalimu stendi kwa gari langu. Njia nzima alizungumza habari za alizeti: mbegu za mwaka ule, ndege, mtu anayekamua mafuta pale Mlali ambaye mashine yake imeharibika. Nilisema ndiyo, nilisema kweli, nilisema pole. Basi lilipokuwa linaondoka alininyooshea mkono dirishani, akasema, "Wasalimie nyumbani." Hakusema Dokta wala mwanangu.

Wiki mbili nilijaribu kulikarabati andiko lake. Nilijiambia kwamba nikipata namna ya kuuokoa ule mstari, nitakwenda kwake na kitu mkononi badala ya kwenda mikono mitupu. Nilifanya hesabu asubuhi kabla ya vipindi na mchana baada ya vipindi. Siku ya kumi na moja nilipata nilichokuwa sikitaki. Nilichora mtandao mdogo kabisa, vituo vitatu na mabomba matatu yanayoviunganisha kwa duara. Njia ya mwalimu, ukiifuata hatua kwa hatua, inatoa jibu lisilo sahihi kwenye mtandao huo. Inatoa jibu hilo kila mara. Kwa hiyo tatizo halikuwa uthibitisho wenye pengo ambalo mtu mwingine angeweza kuliziba siku moja. Jambo lenyewe halikuwa kweli, na hata mwalimu angeishi miaka mingine sitini lisingekuwa kweli.

Jumamosi nilikwenda Mlali. Walikuwa uani wanabangua karanga, yeye na mkewe, kila mmoja na ungo wake. Mkewe alinikaribisha kwa furaha, akaniletea kigoda, akaingia ndani kuchemsha chai. Nilibaki na mwalimu.

"Mwalimu, lile kosa si lako," nilisema. "Ni langu. Ukurasa wa themanini na tatu."

"Najua," alisema. Aliendelea kubangua. "Nilijua siku ile uliponitazama."

"Nilikuja kukuambia kabla. Pale kwenye chakula."

"Hukuniambia."

"Sikukuambia."

Alitupa ganda pembeni. "Unajua ningefanya nini ungeniambia? Ningepanda vilevile. Ningesema, mabibi na mabwana, tumekosea, mimi na mwanafunzi wangu, na hapa ndipo tulipokosea. Watu hujifunza kwenye makosa pia. Ningefurahi kusema hivyo. Tungesimama wawili." Akatikisa ungo. "Badala yake nikasimama peke yangu."

Kisha akauliza nilichokuwa naogopa kuulizwa.

"Linatengenezeka?"

Nilitoa karatasi, nikamchorea vile vituo vitatu. Alivaa miwani. Alifuata kwa kidole, hatua kwa hatua, midomo ikitembea, kama nilivyomwona akisahihisha madaftari yetu. Alirudia mara ya pili. Alipomaliza alinirudishia karatasi.

"Umeandika vizuri," alisema. "Hapa hujaruka hatua."

Nikaanza kulia. Hakunibembeleza, na hakuonyesha kukasirika. Alivua miwani, akasema, "Miaka sita," kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja umbali kutoka Kongwa hadi mjini. Kisha akaingia ndani, akatoka na nakala ya tasnifu. Uti wa kitabu ulikuwa umevunjika, umeshonwa kwa uzi wa gunia.

"Hii irudi kwako," alisema.

Mkewe alileta chai na viazi vitamu, tukala, tukazungumza habari za wajukuu. Niliondoka kabla ya saa tisa.

Niliposimamisha gari njiani nilikifungua kitabu. Kila ukurasa ulikuwa na maandishi ya penseli pembeni, madogo na safi. Maswali, majibu yake mwenyewe, mifano. Nilitafuta ukurasa wa themanini na tatu. Mbele ya maneno "ni dhahiri" palikuwa na alama ya kuuliza iliyofutwa kwa kifutio. Karatasi ilikuwa imechubuka kidogo pale alipofutia. Alikuwa ameliona. Miaka kadhaa nyuma, amekaa peke yake kwenye kigoda, aliliona kosa, akakumbuka ni nani aliyeandika, akafuta.

Niliandikia chuo kilichonipa shahada, nikaeleza kosa na kuambatanisha ule mchoro. Baada ya miezi mitatu nikapata barua ya mistari miwili: maelezo yangu yamepokelewa na yamewekwa kwenye jalada langu. Nilimwandikia na mkuu wa idara. Alisema nimefanya jambo la kiungwana, na kwamba kwa hali ilivyo halina athari kwa kuwa hakuna andiko jingine lililoitumia hoja hiyo. Alikuwa sahihi. Lilikuwa moja tu, la mwalimu, na halikuchapishwa. Mwaka uliofuata nikapandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Nilifikiria kukataa, nikapokea.

Kwenda Mlali nimekwenda mara mbili tena. Mara ya kwanza nilimkuta anajiandaa kwenda kanisani, tukasalimiana mlangoni. Mara ya pili hakuwepo, au niliambiwa hayupo. Nikipiga simu anapokea mkewe. Sauti yake ni ile ile ya upole, na sijui kama aliwahi kuelezwa kilichotokea.

"Mzee yupo shambani, mwanangu," huniambia.

"Hajambo?"

"Hajambo. Anakula, analala. Ila yale makaratasi yake hayatazami tena. Mimi nashukuru, macho yanapumzika."

Namwomba anifikishie salamu. Anasema atamfikishia. Tunaagana, nami narudi kusahihisha.